Mpaka usio na bikoni, kule nchani mwa dunia

Kazi yangu ni kupima viwanja, zaidi Kigamboni na huku Mbezi mpaka Bunju, ila mpaka ulionikaa kichwani kwa muda mrefu sasa haupo Tanzania kabisa. Uko juu kule, Greenland, Svalbard, kaskazini ya Kanada, na mwenzake yuko Antaktika, unazunguka ncha ya sumaku ya dunia kwa duara lisilotulia, saa hizi liko hapa, baada ya nusu saa limeshasogea kilomita mia na zaidi, na hakuna mtu aliyewahi kuliona kwa macho. Ndani ya duara lile mistari ya sumaku ya dunia, ile inayoonyesha nguvu yake inaelekea wapi, iko wazi, inatoka duniani na hairudi. Nje yake imefungwa. Sisi wa Dar tuko nje, tena mbali sana na mpaka wenyewe, na bado nasema unatuhusu, nitafika huko.

Ilianzia kwenye GPS. Tunaotumia risiva za RTK, yaani risiva mbili zinazosaidiana, moja imetegwa na nyingine iko kwenye nguzo, ili upate usahihi wa sentimita, hii tunaijua, mwezi wa tatu na wa tisa hasa, miaka ambayo jua limechangamka, ukichelewa saiti mpaka baada ya magharibi unaanza kuona vituko. Tulikuwa Kibada, zimebaki pointi chache tufunge kazi, risiva iko kwenye nguzo imesimama wima, kipovu kiko katikati, ile ya pili tumeitega sehemu ya wazi haina mti wala ukuta karibu, na kwenye kontrola fiksi, yaani jibu lililotulia la sentimita, inakuja, inakaa sekunde kadhaa, inapotea, inarudi floti, jibu la kukisia, sentimita 2 zinageuka nusu mita, setilaiti zinaonekana kibao ila signo zinacheza. Dogo anayenishikia nguzo akaniambia, "Bosi, labda betri." Betri ilikuwa imejaa. Nikampigia mzee aliyenifundisha kazi, baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza, akanijibu bila hata kufikiria, "Fungasha mwanangu urudi nyumbani, hiyo ni anga, kesho asubuhi utakuta imetulia." Asubuhi kweli ikawa imetulia.

Hiyo ni anga. Nikaanza kusoma anga ndo nini, maana jibu la mzee lilikuwa sahihi ila halikunitosha. Kumbe ikweta ya sumaku haipiti pale inapopita ikweta ya ramani, kwa upande wetu wa Afrika iko juu zaidi, inakatiza Ethiopia, na Dar tuko kusini yake kwa digrii kumi na kitu, pale pale ambapo ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, inarundika elektroni nyingi sana mchana na jioni, alafu jua likizama yanatokea mapovu ya plazma, gesi ya chembe hizo za umeme, yanayopanda juu na kuichana signo ya GPS inapopita. Hayo ni ya kwetu, yanatengenezwa hapa hapa juu ya ikweta, hayatoki nchani na usiku mwingi wa kawaida hayana uhusiano na ncha. Nalisema mapema ili tusichanganye mambo. Ila ukishaanza kuuliza sumaku ya dunia inafanya nini juu ya kichwa chako, huwezi kuishia Kibada, utapelekwa tu mpaka mwisho wa mistari.

Chukua mstari wa sumaku unaotoka ardhini hapa Dar. Unapanda kilomita mia kadhaa tu, unavuka ikweta ya sumaku, unashuka upande wa pili huko Uarabuni. Umefungwa, ncha zote mbili ziko duniani. Ukisogea kuelekea nchani mstari unapanda juu zaidi na zaidi, kwenye latitudo ya sumaku ya 60 unafika umbali wa mara 4 ya nusu kipenyo cha dunia ukihesabu kutoka katikati, ndo unageuka kurudi. Endelea kupanda, 65, 70, mstari unavutika, unazidi kwenda mbali, mpaka unafika sehemu ambapo mstari unaofuata haurudi tena. Unatoka duniani, unaenda kuungana na sumaku iliyobebwa na upepo wa jua, chembe za umeme zinazotoka kwenye jua muda wote, basi. Mstari wa mwisho unaorudi na wa kwanza usiorudi, katikati yao ndo mpaka wenyewe.

Aliyeeleza kwa nini hii inatokea ni Mwingereza James Dungey, mwaka 1961, kwa makala fupi mno ukilinganisha na uzito wa kilichomo. Upepo wa jua unakuja kwa kasi ya kilomita kama 400 kwa sekunde, na umebeba sumaku yake, ndogo tu, nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 5 hivi siku ya kawaida, wakati yetu hapa ardhini ni makumi ya maelfu. Lakini mbele ya dunia upande wa jua, kama kilomita 60,000 kutoka hapa, sumaku yetu imeshapungua nguvu na zinakutana uso kwa uso. Ya jua ikiwa inaelekea kusini, kinyume na yetu, mistari inakatika na kuungana upya, nusu yetu nusu ya jua. Ule mstari uliokuwa umefungwa sasa uko wazi, ncha moja iko Svalbard, nyingine inakimbia na upepo. Unaburutwa juu ya ncha ya dunia kuelekea upande wa usiku, unaingia kwenye mkia mrefu wa sumaku unaopita hata mwezi ulipo, na huko nyuma mistari wazi ya kaskazini na ya kusini inakutana, inaungana tena, inafungwa, inarudi kuzunguka kuelekea mchana. Mzunguko mzima unachukua saa kadhaa.

Ukilielewa hilo mpaka unabadilika maana yake. Mbele mistari inafunguliwa, nyuma inafungwa, na kasi za sehemu mbili hizi hazilingani wakati wote. Mbele ikifungua haraka kuliko nyuma inavyofunga, eneo la wazi, wanaloliita kofia ya ncha, linapanuka na mpaka unashuka kuja latitudo za chini. Nyuma ikizidi, linasinyaa. Watafiti Siscoe na Huang walilipanga hili vizuri mwaka 1985, na Cowley na Lockwood wakaliendeleza mwaka 1992. Kwa hiyo ukijua mpaka uko wapi pande zote za duara, unajua kiasi cha sumaku iliyofunguka, yaani ni nishati kiasi gani ya upepo wa jua imeshaingia na imewekwa mkiani inasubiri kuachiwa. Mimi hapa ndo niliponasa. Mipaka yangu ya kazini inasema nani anamiliki nini. Huu unapima kiasi gani kimeingia!

Sasa utaupataje? Hakuna kifaa cha kushika mstari mmoja na kuufuata mpaka mwisho wake uone kama unarudi, ni kilomita laki kadhaa hizo na wakati unaufuata wenyewe umeshahama. Mtu wa kazi yangu hii hali anaijua. Unaitwa kwenye kiwanja cha zamani, bikoni zimeng'olewa zote, ramani haieleweki, unachofanya ni kuita majirani na mjumbe, unaangalia minyaa imepandwa vipi, mnazi wa kona uko wapi, kila shahidi anakupa sehemu yake, mwingine anaona vizuri upande wa barabara tu, mwingine anakumbuka ila si sana, na wewe ndo unapima nani wa kumwamini kwa lipi. Kule nchani ni hivyo hivyo, kuna mashahidi, na shahidi mkubwa ni chembe zinazodondoka kutoka juu.

Kwenye mstari uliofungwa, elektroni na protoni zinanaswa. Zinaenda mbele, zinarudi, zinapashwa moto huko mkiani, zinapata nishati ya maelfu ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe), na baadhi zinadondoka hewani, ndo zinawasha aurora, ile mianga ya rangi inayoonekana usiku angani karibu na ncha. Kwenye mstari ulio wazi hakuna cha kunasa, chembe zikienda zimeenda. Kinachoingia ni elektroni nyepesi za upepo wa jua, nishati kama elektronivolti mia moja hivi, chache, zinanyunyiza taratibu karibu sawasawa eneo zima, wataalamu wanaziita mvua ya ncha. Kwa hiyo ukipita na kifaa cha kuhesabu chembe utajua umevuka.

Setilaiti za DMSP za jeshi la Marekani zimefanya kazi hiyo kwa miongo. Ziko kimo cha kilomita 840 hivi, zinazunguka dunia kila dakika 101 au 102, zinakatiza karibu na ncha kila mzunguko, na kila sekunde zinapima elektroni na protoni kuanzia elektronivolti 30 mpaka 30,000. Data zake zinapatikana bure. Nilikaa na grafu moja usiku mzima sebuleni, feni inazunguka, watoto wamelala, nieleze nilichokuwa naangalia. Chini ni muda, pembeni ni nishati kuanzia chini kwenda juu, rangi ni wingi wa chembe. Setilaiti inapanda kutoka latitudo za chini upande wa jioni, mwanzoni giza tupu, bluu. Ikifika 65 na kitu rangi zinaanza kuwaka, juu kule kwenye nishati kubwa, njano, nyekundu, zinajaa, kuna miinuko inayochongoka ghafla, hizo ni aurora zenyewe, na setilaiti inakwenda kilomita 7 na nusu kila sekunde kwa hiyo digrii moja ya latitudo inaisha ndani ya sekunde kama 15. Alafu ghafla, pap, inakatika. Pale palipokuwa na ukuta wa nyekundu sasa kuna utepe mwembamba chini kabisa kwenye nishati ndogo, bluu iliyofifia, sawasawa, dakika nzima, dakika mbili, hakuna kinachobadilika. Hiyo ni mvua ya ncha. Uko kwenye mistari iliyo wazi, kile unachokiona kwenye skrini kimetoka kwenye jua moja kwa moja. Alafu upande wa asubuhi ukuta unarudi. Ile sekunde ya kukatika na ile sekunde ya kurudi, ndo pointi zako mbili.

Pointi mbili tu lakini, kwenye duara zima, na setilaiti ikirudi ni baada ya saa moja na dakika 40 na duara limeshakuwa lingine. Huo ndo udhaifu wa shahidi huyu. Anasema kweli kabisa ila kwa sehemu aliyopita tu.

Na si kila mahali ukuta unakatika vizuri hivyo. Upande wa mchana, karibu na saa 6 ya jua, kuna sehemu ambapo mistari ndo kwanza imefunguliwa na chembe za upepo wa jua zinamwagika moja kwa moja mpaka chini, kama latitudo ya 77 au 78 siku tulivu. Hapo mambo yanageuka, chembe nyingi ziko kwenye mistari iliyo WAZI, na mpaka uko upande wa ikweta wa mmwagiko huo, wakati usiku mpaka uko upande wa ncha wa aurora. Anayesoma grafu ya mchana kwa kanuni za usiku atauweka mpaka sehemu ya uongo kabisa. Kuna dalili moja nzuri hapo naipenda sana, protoni zenye kasi kubwa zinawahi kufika na zile za polepole zinachelewa huku mstari unaburutwa kuelekea nchani, kwa hiyo kwenye grafu unaona nishati inashuka kwa mteremko kadri setilaiti inavyoingia ndani. Ukiona mteremko huo ujue mistari hii imefunguliwa dakika chache zilizopita.

Shahidi wa pili ni mwanga. Setilaiti ya IMAGE ilirushwa Machi 2000 na ikafanya kazi mpaka Desemba 2005, ilikuwa inapiga picha ya aurora yote kutoka mbali kwa mwanga wa urujuanimno, picha kila dakika 2 hivi. Hapo unapata duara zima kwa mpigo mmoja. Wanachofanya ni kuligawa duara vipande 24, kimoja kwa kila saa, kila kipande wanachora mwanga unavyopanda na kushuka kwa latitudo, wanatafuta pale unapofifia kuelekea nchani. Tatizo ni kwamba ukingo wa mwanga si mpaka wenyewe. Aurora hafifu kamera haiioni, kwa hiyo ukingo unaweza kukaa digrii moja au zaidi pembeni ya mpaka halisi na tofauti hiyo inabadilika kulingana na saa ya siku, ndo maana wanachukua siku ambazo DMSP imepita chini ya picha, wanalinganisha shahidi kwa shahidi, wanarekebisha. Kazi ya uchovu, na ndo kazi yenye maana kuliko zote kwenye habari hii kwa maoni yangu, kwa sababu bila hiyo picha nzuri ni pambo.

Kutoka chini wanatumia mwanga mwekundu wa oksijeni, nanomita 630, unaotoka kilomita zaidi ya 200 juu na unawashwa na elektroni zenye nishati ndogo, kwa hiyo unakaribia mpaka vizuri zaidi ya ule wa kijani. Ila atomi inakaa karibu dakika 2 kabla ya kuutoa, basi ukingo wake unakuwa na ukungu kidogo. Na kuna rada za SuperDARN, mtandao wa rada zaidi ya 30 kaskazini na kusini, moja iko kwenye kituo cha Afrika Kusini huko Antaktika, SANAE. Ndani ya eneo wazi la mchana mwangwi wa rada unarudi umevurugika, nje unarudi umetulia, mvurugiko ukianza ghafla wanapahesabu kuwa mpaka. Rada inaangalia muda wote, hilo ni zuri, lakini usiku dalili hiyo haiaminiki kama mchana.

Kuna kitu kingine kinachosumbua watu. Wakati mwingine sumaku ya jua ikiwa inaelekea kaskazini, aurora inatokea katikati ya kofia ya ncha, mstari wa mwanga unakatiza kutoka usiku mpaka mchana, picha nzima inaonekana kama herufi theta ya Kigiriki. Frank na wenzake walitangaza picha zake mwaka 1982 kutoka setilaiti ya Dynamics Explorer 1. Katikati ya eneo wazi kuna aurora, inatoka wapi? Mwaka 2014 Fear na wenzake walionyesha, kwa data za setilaiti za Cluster na picha za IMAGE, plazma ya moto ikiwa imenaswa huko juu pale ambapo ilitakiwa kuwa baridi na tupu, yaani kuna kipande cha mistari iliyofungwa kimebaki ndani ya eneo la wazi. Kwa hiyo usifikiri duara moja linamaliza kila kitu.

Kwa nini watu wahangaike hivi? Mfano mmoja. Una data za upepo wa ionosfia za miaka 10 unataka wastani wake kwenye latitudo ya 75. Siku moja 75 ilikuwa ndani ya mpaka, siku nyingine nje, ukijumlisha na kugawanya unapata namba ya mahali ambapo hapapo duniani. Ndo maana sasa watu wanapima umbali kutoka mpaka badala ya kutoka nchani, na kuna programu ya Python ya wazi inaitwa ocbpy inayokufanyia hivyo, unaipa mipaka na data zako inakupangia upya. Sisi wapimaji hili halina haja ya kutushawishi, kipimo bila rejea ni namba tu.

Na Dar? Siku ya dhoruba mpaka unashuka, kofia ya ncha inapanuka, na umeme unaoendesha mzunguko mzima wa Dungey haubaki kule, unapenya mpaka ikweta ndani ya dakika, unainyanyua au kuishusha ionosfia juu yetu, hapo ndo ncha na Kigamboni zinakutana. Tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilikuwa dhoruba ya daraja la juu kabisa kwenye kipimo cha Marekani, ya kwanza kufika hapo tangu Oktoba 2003. Mpaka wa mbele wa sumaku yetu ulisukumwa mpaka ndani ya mzingo wa setilaiti za mawasiliano, mwanga wa aurora ulipigwa picha Ladakh kule India, na wakulima wa Marekani waliokuwa kwenye msimu wa kupanda matrekta yao yanayojiongoza kwa RTK yalipoteza fiksi, tatizo lile lile ninalolijua mimi, kwenye mashamba ya mahindi. Nikisikia mpimaji anasema habari za aurora ni za Wazungu wa kule baridi namuonyesha hiyo.

Jambo ambalo setilaiti moja haiwezi ni kukuambia kama mpaka umesogea au wewe ndo umeuvuka. Ukiona mabadiliko unapopita, je, ni mahali au ni muda? Tarehe 23 Julai 2025 NASA ilirusha setilaiti mbili za TRACERS kwa ajili ya swali hilo, zimepangwa zifuatane kwenye njia moja kukatiza ule mmwagiko wa mchana, ya pili nyuma ya ya kwanza kwa sekunde 10 mpaka dakika 2. Wa kwanza akikuta ukingo hapa na wa pili akaukuta pale, umesogea, na kasi yake unaigawanya mwenyewe.

Kwa anayetaka kujaribu, usianze na siku tulivu. Chukua DMSP za tarehe 10 Mei 2024. Wimbi la kwanza lilipiga dunia saa 2 na dakika 5 usiku kwa saa zetu, kwenye faili itaandikwa 17:05 kwa sababu wanatumia saa ya dunia, usisahau kujumlisha 3. Fungua mzunguko mmoja kabla ya hapo, andika latitudo ya sumaku ambapo ukuta wa nyekundu unakatika, alafu fungua inayofuata, na inayofuata, mpaka alfajiri ya tarehe 11, uone inashuka mpaka wapi.